Shajara ya mradi: kupima dawa za mbegu dhidi ya fugwe ya punje kwenye mtama, Chamwino

Mkulima wa Dodoma akikuonyesha suke jeusi atakuambia ni fugwe, na atakuwa sahihi. Shida ni kwamba fugwe za mtama ni nne, kila moja ina kuvu wake na njia yake ya kuingia kwenye mmea. Mradi huu unashughulika na moja tu, fugwe ya punje, inayoletwa na Sporisorium sorghi. Tulitaka kujua kama mkojo wa ng'ombe na maji moto vinaweza kumsaidia asiye na fedha ya dawa ya dukani. Shajara inaandikwa kila hatua inapokamilika, ili kikundi, shule au bwana shamba anayetaka kurudia kazi hii asirudie makosa yetu.

Septemba 6. Kukusanya spora: hapa ndipo tulipoharibu kwanza

Tulikusanya masuke 31 yenye weusi kutoka kwenye viwanja vya kupuria na masuke ya mbegu yaliyotundikwa jikoni. Tukayapukuta yote kwenye beseni moja, tukachekecha, tukapata unga mweusi wa kutosha. Unga huo ndio spora, yaani mbegu za kuvu. Kazi ya siku mbili.

Tone la maji lenye unga ule lilipowekwa chini ya hadubini tukaona mambo matatu tofauti. Spora nyingi zilikuwa ndogo na laini, moja moja. Katikati yake zilikuwepo kubwa zaidi, kipenyo karibu mara mbili, zenye miiba midogo. Na yakawepo mabonge, spora zimeshikana kama kokwa za stafeli. Beseni moja lilikuwa na magonjwa matatu. Unga wote ulichomwa.

Tuliporudi kwenye mabaki ya masuke na kuyaangalia moja moja, 19 yalikuwa fugwe ya punje, 7 fugwe ndefu na 5 fugwe ya suke. Namna ya kuzitofautisha kwa macho, bila hadubini:

Fugwe ya punje: umbo la suke halibadiliki, lakini mahali pa punje pana kifuko kidogo cha kijivu chenye ncha butu, kama punje ya ngano iliyosimama wima. Kifuko hakipasuki chenyewe haraka. Ukikibonyeza kwa ukucha kinatoa unga mweusi mkavu. Mmea ni wa urefu wa kawaida, kwa hiyo kwa mbali huoni kitu.

Fugwe wazi: kifuko hupasuka mapema, upepo unapeperusha unga na kuacha kijiti cheusi kilichopinda mahali pa punje. Mmea huwa mfupi na mwembamba, wenye machipukizi mengi. Hatukuipata kwenye masuke yetu.

Fugwe ya suke: suke lote au sehemu kubwa linageuka fundo moja lenye ngozi nyeupe. Ngozi ikipasuka unabaki unga mweusi na nyuzi nyuzi kama ufagio uliochakaa.

Fugwe ndefu: punje chache tu zilizotawanyika kwenye suke lenye afya, kila moja imegeuka pembe ndefu iliyopinda kidogo, mara nyingi zaidi ya sentimita 1. Ukiivunja unakuta nyuzi ngumu ndani.

Tofauti hii ndiyo roho ya kazi yote. Spora za fugwe ya punje na fugwe wazi hukaa juu ya ganda la mbegu, hivyo kutibu mbegu kunazifikia. Fugwe ya suke inasubiri kwenye udongo. Fugwe ndefu huja kwa upepo na kuingia kwenye ua. Ukipaka mbegu dawa kwa ajili ya hizi mbili za mwisho umetupa fedha, kisha utasema dawa ni feki.

Septemba 18. Ukusanyaji wa pili

Suke moja, bahasha moja ya karatasi, namba moja. Yalichukuliwa masuke ambayo vifuko vyake havijapasuka tu. Kutoka kila suke tulipasua vifuko vitatu na kuviangalia kwenye hadubini kabla ya kulikubali. Tulipata masuke 22 safi.

Masuke 6 kati ya hayo yaliwekwa kwenye mifuko ya plastiki kwa sababu bahasha ziliisha. Baada ya siku 9 yalikuwa na ukungu wa kijani, kwani suke linaloonekana kavu bado lina maji, na plastiki inayafungia ndani. Bahasha za kaki za dukani zinatosha, zikitundikwa kivulini penye upepo. Kabla ya kuchekecha, acha wiki mbili. Chekecha kwa kitambaa chepesi cha mtandio juu ya sufuria pana, mlango umefungwa, barakoa usoni. Masuke 16 yalitoa gramu 41 za spora.

Gharama ya hatua: bahasha 60 shilingi 12,000, bodaboda safari tatu 45,000.

Oktoba 10. Je, spora zina uhai?

Usipime dawa kwa spora zilizokufa. Utaona ploti zote (vipande vya shamba la majaribio) safi na kudhani kila tiba inafanya kazi, hata maji matupu.

Mara ya kwanza tulitumia agari ya viazi, jeli ya kuoteshea kuvu: viazi gramu 200, sukari ya glukosi gramu 20, agari gramu 15, maji hadi lita 1. Ilijaa bakteria na ukungu mweusi ndani ya saa 30, na spora zetu hazikuonekana tena. Sababu zilikuwa mbili.

Ya kwanza, tulichemsha chupa kwenye sufuria ya kawaida kwa saa nzima. Dodoma iko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Joto hilo haliui spora sugu za bakteria hata ukichemsha kutwa. Tukahamia presha kuka. Hata hapo, kipimo kikisoma shinikizo la paundi 15 joto linaishia kama nyuzi 119 badala ya 121, kwa hiyo tuliongeza muda kutoka dakika 15 hadi 25. Hesabu dakika baada ya hewa ya ndani kutoka yote na mvuke kuanza kupuliza mfululizo. Hewa ikibaki ndani, kipimo kinasoma shinikizo zuri na joto bado liko chini.

Ya pili, agari ya viazi ni karamu kwa kila ukungu. Spora ya fugwe haihitaji chakula hicho ili iote. Maji na agari tu vinaitosha. Tulitumia agari gramu 15 kwa lita 1 ya maji, na kapsuli moja ya kloramfeniko ya miligramu 250 dhidi ya bakteria. Dawa hii inavumilia joto la presha kuka, hivyo inaingia kabla ya kuchemsha.

Kuchukua spora: futa kifuko kwa pamba yenye spiriti, kiache kikauke, kipasue kwa wembe uliopitishwa kwenye moto na kupoa, gusa unga wa katikati kwa ncha ya sindano, kisha burura juu ya agari. Ule unga wa katikati haujawahi kuguswa na hewa. Tulipoanza kuchukua hapo badala ya kwenye unga uliochekechwa, uchafu ulikaribia kwisha kabisa.

Baada ya saa 24 kwenye chumba cha nyuzi 26 hivi, spora iliyoota inatoa mrija mfupi wenye vyumba vinne. Tulihesabu spora 200 kwa kila kundi. Kutoka bahasha za karatasi zilikuwa zimeota 164. Kutoka yale masuke ya plastiki zilikuwa 38, yakatupwa.

Gharama: agari gramu 100 kutoka Dar es Salaam 70,000, spiriti lita 2 shilingi 16,000, viazi na sukari ambavyo havikutufaa 6,000.

Novemba 14. Tiba zajaribiwa kwenye uotaji kwanza

Mbegu ni Macia, aina ya mtama, kwa sababu inalimwa sana hapa na inapatikana ikiwa imethibitishwa. Hakikisha haijapakwa dawa kiwandani. Kama ina rangi ya waridi au nyekundu, tafuta nyingine.

Tiba ni tano, gramu 200 za mbegu kwa kila moja. A: mbegu yenye spora, bila tiba. B: yenye spora, ikapakwa kiuakuvu cha unga chenye thiramu, gramu 3 kwa kilo kama kibandiko kilivyoagiza, yaani gramu 0.6 kwa gramu 200. C: yenye spora, mkojo wa ng'ombe. D: yenye spora, maji moto. E: mbegu safi. Spora ni gramu 5 kwa kilo, kwa hiyo gramu 1 kwa kila kundi, ikitikiswa na mbegu kwenye chupa kavu kwa dakika 5 mpaka kila punje iwe na vumbi la kahawia kwenye kitovu chake.

Kipimo cha uotaji kilifanywa kwa punje 400, makundi manne ya 100, kwenye gazeti lenye unyevu, na kuhesabiwa siku ya saba. Mbegu safi iliota asilimia 93, ya thiramu 92.

Mkojo ulitusumbua. Tulianza na mkojo usiozimuliwa, mbegu zikalowekwa saa 2, zikaota asilimia 41. Amonia ilikuwa imeunguza kiini, na punje nyingi zilitoa mzizi mfupi wenye ncha ya kahawia ukaishia hapo. Utaratibu uliofaa: kinga mkojo alfajiri ng'ombe wanapoinuka, kabla haujachanganyika na samadi. Uache kwenye dumu lenye kifuniko kilicholegezwa kwa siku 7. Changanya na maji kiasi sawa kwa sawa. Loweka mbegu dakika 20, si zaidi, ukikoroga. Chuja, tandaza kivulini juu ya mkeka, panda siku hiyo hiyo. Kwa njia hii uotaji ulikuwa asilimia 90. Wakulima wa mtama wa Ethiopia wanatumia mkojo dhidi ya fugwe hii hii, kwa hiyo wazo si letu.

Maji moto yalitusumbua zaidi. Lengo ni nyuzi 52 kwa dakika 10. Tulitumia sufuria ya lita 3. Mfuko wa mbegu baridi ulipoingia, joto likashuka hadi 46. Mwenzetu akaongeza moto, likaruka hadi 57 kabla hatujaliona, kwa sababu kipimajoto kilikuwa kinaelea juu na mbegu ziko chini karibu na moto. Uotaji: asilimia 58. Marekebisho yalikuwa haya. Sufuria ya lita 15, ili maji mengi yasitikiswe na mbegu chache. Mfuko upashwe kwanza dakika moja kwenye ndoo ya maji ya nyuzi 45. Kipimajoto kifungwe ndani ya mfuko wenyewe. Moto uzimwe kabisa maji yakifika 53, na joto lirekebishwe kwa kikombe cha maji yanayochemka au ya baridi, kamwe si kwa jiko. Mwisho mfuko uingie maji baridi mara moja. Uotaji ulipanda hadi 81, bado chini ya mbegu safi.

Kuhusu thiramu: glavu na barakoa ni lazima. Na aliyeishika asinywe pombe siku hiyo na inayofuata. Kiambato hiki kinazuia mwili kuchakata kilevi, na mtu anaweza kupata kichwa kuuma, uso kuwaka na moyo kwenda mbio. Kwetu mtama ndio kimea cha pombe, kwa hiyo mbegu iliyobaki baada ya kupanda isirudi ghalani hata konzi moja. Kabla ya kununua, tafuta kwenye kibandiko namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania.

Gharama: mbegu kilo 4 shilingi 16,000, dawa 8,000, kipimajoto 25,000, gesi 24,000, glavu na barakoa 14,000.

Desemba 12. Kupanda

Shamba ni kichanga chekundu, mbali na mtama wa majirani, na mwaka jana lilikuwa na karanga. Ploti 20, mabloku manne, kila tiba mara moja katika kila bloku kwa kura. Ploti ina mistari minne ya mita 5, sentimita 75 kwa 20, mashimo 100. Mbegu nne kwa shimo, mche mmoja baada ya kupunguzia. Kipimamvua chetu kilisoma milimita 28 siku mbili kabla.

Kina ni sentimita 4. Kuvu huyu huingia kwenye chipukizi kati ya mbegu kuchomoza na mche kutoka juu ya ardhi, na udongo wenye ubaridi kiasi usiolowa chapachapa ndio unaompendeza. Baada ya hapo anapanda na mmea kimya kimya hadi suke litoke. Ndiyo maana hakuna dawa ya kupuliza shambani itakayomtoa.

Gharama: kulima kwa ng'ombe 20,000, vibarua wanne wa kupanda 32,000, kamba na vigingi 15,000, palizi mara mbili 32,000.

Januari 4. Mapengo

Baada ya kupanda mvua ilikatika kwa siku 11, juu ya udongo pakafanya ganda. Ploti za D ndizo zilizoumia zaidi: mbegu iliyopitia maji moto inaota, lakini haina nguvu ya kupasua ganda. Gazeti lenye unyevu halikutuonyesha hilo. Anayerudia aoteshe pia kwenye kisado cha mchanga, sentimita 4 kwenda chini.

Tulirudishia mapengo Desemba 30 ili mistari isiwe na nafasi wazi, lakini kila shimo la kurudishia lilichomekwa kijiti chenye kitambaa chekundu, na halitahesabiwa. Mche ulioota kwenye udongo wa Desemba 30 haukukutana na hali ile ile ya wa Desemba 12.

Februari 24. Ndege na mifuko

Kwelea kwelea wamefika punje zikiwa na maziwa. Tulivika masuke 40 bahasha za karatasi kama majaribio. Siku ya tano ikanyesha, bahasha zikashika maji, na punje 10 hadi 20 kwa suke zikapata ukungu wa waridi na mweusi. Ule si fugwe, ni kuvu wa punje wa kawaida, lakini kwa mhesabuji mgeni weusi ni weusi. Tukavua zote na kuweka mifuko ya wavu kwenye masuke ya mistari miwili ya kati, kisha tukaajiri mwinga ndege mmoja kwa siku 30. Jua linapochomoza na saa 10 jioni ndizo saa za hatari.

Gharama: mwinga ndege 150,000, mifuko ya wavu 200 shilingi 60,000. Hatua hii imekula fedha kuliko nyingine yoyote. Anayepanga bajeti aanze na ndege.

Machi 8. Kuhesabu

Tulihesabu punje zikiwa laini kama unga uliokandwa, kabla vifuko havijaanza kumwaga. Karatasi ya kuhesabia ina safu tatu: fugwe ya punje, fugwe ya suke, fugwe ndefu. Bila safu hizo tungeandika namba moja isiyo na maana. Machipukizi nayo yaangaliwe: kwenye mimea kadhaa suke kuu lilikuwa zima na la chipukizi lilikuwa limejaa vifuko. Mmea huo umehesabiwa mgonjwa.

Mimea yenye fugwe ya punje, mashimo ya kurudishia yakiwa yametolewa:

A, bila tiba: 87 kati ya 374, asilimia 23.3
B, thiramu: 2 kati ya 381, asilimia 0.5
C, mkojo: 11 kati ya 366, asilimia 3.0
D, maji moto: 19 kati ya 302, asilimia 6.3
E, mbegu safi: 3 kati ya 388, asilimia 0.8

Fugwe ya suke ilipatikana kwenye mimea 14 na fugwe ndefu 52, zimetapakaa ploti zote, ikiwa ni pamoja na za thiramu. Bwana shamba akileta malalamiko kwamba mbegu iliyopakwa dawa imetoa weusi, swali la kwanza liwe: weusi upi?

Mimea mitatu kwenye E ilituumiza kichwa, kwa kuwa mbegu ile haikuwahi kuguswa na spora. Daftari la kupanda lilitoa jibu. Yote mitatu imo katika bloku la nne, na pale E ilipandwa mara baada ya A, na mtu yule yule, kwa kikombe kile kile. Tulimwomba achovye vidole kwenye chupa ya mbegu za A, ajipanguse kwa suruali kama anavyofanya siku zote, kisha aguse utepe wa gundi. Chini ya hadubini utepe ulikuwa umejaa spora, tukaacha kuhesabu zilipopita 300. Kidole kilionekana safi kabisa.

Utaratibu mpya: mbegu safi ipandwe kwanza kwenye mabloku yote manne, kisha B, C na D, na A mwisho, kila tiba na kikombe chake; mikono ioshwe kwa sabuni kati ya tiba na tiba. Onyo hili linamhusu pia mkulima anayepura mtama wa mbegu kwenye uwanja uliotangulia kupurwa suke lenye fugwe.

Machi 12. Kuondoa masuke yenye ugonjwa

Masuke yote yenye fugwe ya aina yoyote yalivikwa mfuko kabla ya kukatwa, na kuchomwa kwenye shimo pembeni mwa shamba. Usikate kwanza ndipo uvike. Mtikisiko wa panga unatosha kupasua vifuko.

Aprili 20. Baada ya kuvuna

Jumla ya gharama, bila hadubini na presha kuka tulivyokuwa navyo: shilingi 545,000.

Thiramu inabaki ya kwanza pale inapopatikana. Mkojo tunaupendekeza kwa kaya yenye ng'ombe inayotunza mbegu yake, kwa masharti ya dakika 20 na kupanda siku hiyo hiyo. Maji moto hatuyapendekezi kwa mkulima kwa sasa: yanataka kipimajoto, na kosa la nyuzi 4 linakula shamba. Haya ni ya msimu mmoja na shamba moja.

Msimu ujao tiba ni A, B, C na E, kwa Macia na kwa lugugu, mtama wa kienyeji, na ploti zinaongezwa marudio mawili. Spora gramu 36 zimebaki kwenye bahasha ndani ya kopo lenye mchele uliokaangwa wa kunyonya unyevu. Zitapimwa uhai tena Oktoba. Zikiota chini ya nusu, tunakusanya upya.